Kwenda Kilwa Kisiwani kwa kufuata maji

Kwa anayetoka Mtwara mjini, Kilwa haiko mbali kama wengi wanavyodhani. Basi la Dar es Salaam linakushusha njia panda ya Nangurukuru, unadandia gari dogo hadi Kilwa Masoko. Nyumba za wageni zipo, na ukitaka kuoga baharini pwani ya Jimbiza iko hapo hapo mjini. Mimi nilichotaka ni Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale.

Kila niliyemuuliza alinitajia bei ya mashua. Mzee mmoja bandarini ndiye aliyeuliza la maana: "Mwanangu, Husuni Kubwa unataka kwenda kwa miguu?" Ni magofu ya kasri huko kisiwani. Nikamwambia ndiyo. Akatazama juu, ingawa ilikuwa mchana, akasema, "Mwezi mpevu huu. Umebahatika."

Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ambapo maji hutoka na kujaa kupita kawaida, maji hukauka mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni, kisha kila siku husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Basi nikapanga hivi: kibali na mwongozaji nimalize jana yake, tuvuke mapema, nipite ufukweni wakati maji yametoka, turudi alasiri yakiwa yamepanda. Kivuko chenyewe ni kifupi, ukiwa Masoko kisiwa unakiona.

Gereza ndilo linalokupokea, ngome ya Wareno ya mwaka 1505 ambayo baadaye Waomani waliijenga upya. Nilipita haraka. Muda wangu niliuweka Msikiti Mkuu, wa mawe ya matumbawe na chokaa, ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Ukisimama kati ya nguzo zake, chini ya kuba zilizobaki, unaona kwamba dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, ilipita mikononi mwa watu wa hapa. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifu mji huu. UNESCO waliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Sisi watu wa kusini bado tunaweka akiba ya kwenda Zanzibar, jambo linaloniudhi kidogo.

Njia ya Husuni Kubwa tuliifuata ufukweni, kando ya mikoko. Kina mama walikuwa mwambani wakichokoa pweza.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Pita huku, huko tope litakumeza viatu."
Nilivivua. Juu ya jabali kuna kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na birika lake la pembe nane linalotazama bahari. Nilikaa ukingoni mwake hadi mwongozaji akaanza kukohoa kwa adabu, maji yalikuwa yameanza kurudi.

Chakula tulikuwa tumeagiza kijijini tulipofika: wali wa nazi na samaki. Usiagize saa ya njaa, kwa sababu hapo ndipo nazi inaanza kukunwa. Na kwa kuwa unatembea kwenye makazi ya watu, nguo ya kuogelea iache Jimbiza. Kanga au suruali ndefu inatosha.

Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, sikwenda, inataka boti ya mashine na siku yake peke yake. Bei ya mashua patana ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Ukipatana ya kwenda tu, ya kurudi utapatana ukiwa kisiwani, na nahodha anajua hilo kuliko wewe.