Rangi ya boti iliyokataa kushika: jinsi nilivyotatua

Mwezi wa saba, ufukweni Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nilipaka epoksi, rangi inayochanganywa na dawa ya kukaushia, kwenye boti ya chuma. Nilianza saa 12:30 asubuhi nikiwahi kabla ya jua kali. Kesho yake rangi ilikuwa na ukungu mweupe, ukiigusa inateleza kama imepakwa mafuta. Nikapiga msasa, nikapaka mkono wa pili. Ukabanduka kwa ukucha!

Nililaumu rangi bure. Usiku wa kiangazi anga likiwa wazi, chuma hupoa kuliko hewa yenyewe, na hewa ya ziwani imejaa unyevu. Umande hutua juu yake, mwembamba hata jicho halioni. Epoksi ikikauka kwenye ubaridi na unyevu wa namna hiyo, sehemu ya dawa yake ya kukaushia hutoka juu na kufanya ule utelezi. Msasa peke yake hauuondoi, unausambaza tu. Hapo ndipo nilipopoteza siku nzima.

Nilibandua mkono wa pili wote, nikaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikasuuza vizuri, nikaacha pakauke, ndipo nikapiga msasa. Safari hii nilingoja hadi saa 4. Napangusa chuma kwa kitambaa chenye maji. Alama isipokauka ndani ya dakika 10, sipaki. Wenye vipimo hutaka joto la chuma lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutua, kwa nyuzi 3 za Selsiasi. Saa 8 mchana nikaweka brashi chini, ili rangi ipate joto la kutosha kabla ya jioni. Asubuhi ilikuwa kavu, inang'aa, na ukucha haukuingia.