Zima data uone umebaki na nini

Mwanafunzi wa Dodoma, awe UDOM, Mipango, St. John's au CBE, hakosi madesa, yaani notsi na slaidi za kusomea. Anayo mengi mno. Yapo kwenye grupu la darasa, kwenye grupu la asaimenti la watu sita, kwenye mfumo wa chuo, kwenye flashi ya anayekaa naye geto, na mengine ni picha za ubaoni zilizochanganyika na picha za sendoff. UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ikikaribia anaandika kwenye grupu: "Mwenye slaidi za topiki ya tatu anirushie." Slaidi anazo tangu wiki ya nne. Ila kwenye simu yake zinaitwa DOC-20251103-WA0014, na jina kama hilo halikumbukwi na mtu.

Kabla hujapakua programu yoyote mpya ya kupanga madesa hayo, fanya jaribio hili: jioni moja zima data na Wi-Fi, kisha fungua somo moja moja. Unachoweza kukisoma hapo ndicho chako. Kilichobaki umeazimwa, iwe na chuo, na CR (kiongozi wa darasa), au na kampuni iliyokupa hifadhi ya bure. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo pekee cha maana, kwa sababu ukishuka Ng'ong'ona, mtaa wa karibu na UDOM, jioni Wi-Fi ya chuo imebaki kule juu, na bando nalo lina siku zake.

Kila kitu kipite mlango mmoja

Tengeneza folda moja, iite INGIZO. Kila kinachotoka nje kinaanzia hapo, hata kama ni ukurasa mmoja. Kwenye simu za Android, mafaili ya WhatsApp hukaa ndani ya Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents. Mara moja kwa wiki (Ijumaa jioni inafaa, vipindi vimeisha) ingia humo, hamishia INGIZO yanayohusu masomo, yape majina, kisha yapeleke kwenye folda za masomo.

Jina liwe na vitu vitatu kwa mpangilio usiobadilika: kodi ya somo (msimbo wake), tarehe ikianza na mwaka, na mada. Mfano: ds102_2025-11-03_umaskini-vijijini. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano. Ukianza na siku, tarehe 3 Novemba itakaa jirani na tarehe 3 Januari. Ndani ya kila somo folda nne zinatosha: slaidi, kazi, mitihani, na "yangu". Hiyo ya mwisho ni ya notsi ulizoandika kwa maneno yako mwenyewe. Ikiwa tupu hadi wiki ya nane, basi huna mazingira ya kujifunza, una ghala.

Chagua "hamisha", usichague "nakili", la sivyo simu itabeba kila faili mara mbili. Faili likihama, ukiligusa ndani ya grupu halitafunguka tena, usishtuke. Cha kushtukia ni faili ambalo hukulipakua kabisa: WhatsApp haliliweki kwenye mitambo yake milele. Baada ya mwezi hivi utaambiwa umwombe aliyetuma alitume upya, naye huenda ameshalifuta.

Picha za ubaoni usizirushe kama picha, kwa kuwa WhatsApp huzibana hadi alama ndogo za hesabu zinafifia. Piga kwa kitufe cha kuskani kilichomo ndani ya programu ya Google Drive, chagua nyeusi na nyeupe, unganisha kurasa zote kuwa PDF moja, kisha itume kama dokumenti. Faili huwa dogo kuliko picha zenyewe na maandishi husomeka.

Kama chuo chako kinatumia Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, weka programu yake ya simu. Ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya chuo, pakua somo zima uje kulisoma bila mtandao. Kwizi ni kesi nyingine: haitafanyika nje ya mtandao mpaka mwalimu awe ameiruhusu alipoitengeneza.

Bando linavyoliwa

Mchawi mara nyingi ni kompyuta. Ukiiunganisha kwenye hotspoti ya simu, Windows inadhani iko kwenye Wi-Fi ya bure na inaanza kuvuta masasisho. Fungua mipangilio ya mtandao, gusa jina la hotspoti yako, kisha washa chaguo linaloitwa "Metered connection", yaani mtandao wenye kipimo. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa video na sauti wa moja kwa moja ukiwa kwenye data.

Wanaorekodi vipindi wapige hesabu kidogo. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde ni MB 57.6 kwa saa, kwa hiyo kipindi cha saa mbili ni kama MB 115. Ukishusha hadi kilobiti 32, chaneli moja, kipindi hicho hicho kinakuwa MB 29, na maneno ya mwalimu bado yanasikika vizuri. Kuna wanaorekodi muhula mzima kwa ubora wa muziki, halafu wanashangaa simu imejaa. Na omba ruhusa kwanza. Si kila mwalimu anapenda.

Kuhamisha kitu kutoka simu kwenda kompyuta hakuhitaji bando hata kidogo. Zima data, washa hotspoti, unganisha kompyuta, tumia LocalSend, programu ya bure ya kurushiana mafaili. Mafaili yanapita kati ya vifaa viwili vilivyo mezani kwako bila kutoka nje. Darasa zima linaweza kugawana video kwa njia hiyo.

Nakala, flashi na gigabaiti 15

Hifadhi ya bure ya Google ni GB 15, na inagawanywa kati ya Drive, Gmail na Photos. Bakapu ya WhatsApp kwenye Android nayo sasa inahesabiwa humo. Matokeo yake hayaonekani mpaka yakuumize: picha na video za magrupu zinajaza nafasi, na nafasi ikiisha Gmail haipokei tena barua. Msimamizi wako wa utafiti anatuma masahihisho, yanarudi kwake, wewe unadhani amekunyamazia. Zima video kwenye bakapu ya WhatsApp, na picha za kawaida usiziache zipande Photos zenyewe.

Kusawazisha si kuweka nakala. Folda iliyosawazishwa ukifuta kitu kwenye simu, kinafutika na kwenye kompyuta, na kwenye Drive kitabaki kapuni siku 30 tu. Kwa hiyo kazi kubwa, hasa ripoti ya utafiti, iwe pia mahali ambapo hapasawazishwi, kama diski ya nje unayoichomeka mara moja kwa wiki na kuichomoa.

Flashi ya kupeleka steshenari iwe ya kazi hiyo tu, na ndani yake iwe PDF peke yake, kwani Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako itavuruga kurasa. Ikirudi na virusi vya shotikati, mafaili yako kwa kawaida yamefichwa tu, hayajafutwa. Usibofye shotikati hata moja. Fungua Command Prompt, na kama flashi imesoma E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha gonga Enter. Mafaili yakitokea yanakili, halafu fomati flashi. Ukichagua muundo wa FAT32 haitapokea faili moja linalozidi GB 4, exFAT inapokea.

Folda ya pamoja ya grupu iwe na mwenyewe anayejulikana, na wengine wengi wapewe ruhusa ya kusoma tu. Mkimpa kila mtu ruhusa ya kuhariri, siku moja mmoja "atasafisha" simu yake na kuondoka na muhula mzima. Mwenye folda akifuta akaunti, mafaili yake yanakwenda naye.

Rejea zikae Zotero, programu ya kutunza rejea. Hifadhi yake ya bure ni MB 300, na PDF chache tu zinaijaza, kwa hiyo zima usawazishaji wa mafaili, acha orodha ya rejea ndiyo isawazishwe. Folda ya data ya Zotero usiiweke ndani ya Drive au OneDrive. Hifadhidata yake inaweza kuharibika. Wa sheria wanayo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Wa Mipango, ripoti za Sensa ya 2022 zinapakuliwa bure kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ukihitaji idadi ya watu wa Mkoa wa Dodoma, 3,085,625, itaje kutoka huko, usiitaje kutoka kwenye asaimenti ya mtu. Majarida mengi ya Afrika yako AJOL, maktaba ya mtandaoni ya majarida hayo. Rejea uliyopewa na akili mnemba, chukua DOI yake (namba ya utambulisho wa makala) uiweke doi.org, isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, itupe.

Kwa kukariri, Anki, programu ya kadi za maswali na majibu, inatosha, lakini punguza kadi mpya. Yenyewe huanza na 20 kwa siku, na baada ya wiki kadhaa marudio yanaweza kukaribia 200 kila siku. Kwa masomo matano anza na 8, na kadi uziandike mwenyewe.

Akaunti zote hizi zifungue kwa barua pepe yako binafsi, ya chuo itumie kwa mambo ya chuo. Wengi hubadili laini kufuata bando nafuu, na wanasahau kwamba msimbo wa kuingilia Google unatumwa kwenye laini ya zamani. Ingia sehemu ya usalama ya akaunti, toa misimbo 10 ya akiba, uichapishe au uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Mwaka wa mwisho, kama chuo kilikupa akaunti ya Google, ingia takeout.google.com, ukurasa wa kuagiza nakala ya data zako, kabla akaunti haijafungwa. Chagua Drive na barua pepe tu. Utaletewa mafaili ya zip yasiyozidi GB 2 kila moja, na kiungo hudumu kama wiki moja, kwa hiyo agiza siku ambayo una uhakika wa Wi-Fi. Baadhi ya vyuo hufunga huduma hii. Hapo itabidi upakue folda moja moja kutoka Drive. Kwa vyovyote, fungua kila zip kwenye kompyuta kabla hujafuta chochote, maana zip iliyokatika njiani inaonekana nzima mpaka ujaribu kuifungua.