Ng'ombe, mbuzi, ng'ombe

Saa 12 na nusu asubuhi. Daladala ya Nkuhungu, baridi ya mwezi wa saba inachoma. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili hapa Dodoma.

Saa 2. Napima presha za watu wote, hata aliyeletwa kwa kuongea peke yake. Wenzangu wananiita nesi presha. Sawa tu.

Saa 4 kasoro anaingia mzee wa miaka 74 kutoka upande wa Bahi, kashikwa mkono na bintiye. "Shikamoo babu. Mbukwa!" Jibu linachelewa mpaka nadhani hajasikia. Presha 190 kwa 105.

"Dada, baba amekuwa jeuri," anasema binti. "Anashinda kivulini, ukimwambia akaoge anakutazama tu. Usiku analia. Majirani wanasema karogwa."

Ilianza lini? Anazijua siku zenyewe. Wakati wa kuvuna uwele mwaka juzi mkono ulilegea, jioni ukarudi. Akatulia miezi. Baada ya Pasaka akapotea akitoka kisimani, na tangu hapo hakurudi alivyokuwa. Hapo nikakaa sawa kitini: usahaulifu wa kushuka kwa vidato namna hii, mara nyingi ni mishipa ya damu ya ubongo.

Hajasoma, kwa hiyo simpi kile kipimo cha akili cha kuchora saa. "Babu, nitajie wanyama wote unaowajua. Dakika moja."

"Ng'ombe."

Kimya. Anasugua fimbo kwa kidole gumba.

"Mbuzi." Kimya tena. "Ng'ombe."

Dakika imekwisha. Huyu kachunga tangu utotoni.

"Anayebeba madumu ya maji?"

"Punda," papo hapo.

"Mwenye shingo ndefu?"

"Twiga."

Wanyama wamo, kuwaita ndiko kunakomshinda. Presha ya miaka mingi huziba vile vijishipa vidogo vya ndani, na njia za kwenda sehemu ya mbele ya ubongo zinakatika. Mtu anapoteza hamu, anakuwa mzito, anaingia kwenye sonona. Dawa za presha aliacha zamani, alijisikia mzima.

Saa 6 daktari anaandika picha ya kichwa, sukari, kaswende, na dawa ya presha ianze leo.

"Atapona?"

"Kilichokufa hakirudi, dada. Tunazuia kidato kinachofuata. Sonona inatibika."

Anakunja cheti mara nne, anakikunjua tena. "Wiki iliyopita nilimnyima chai siku mbili. Nilijua ananidharau."

Saa 8, ugali na mlenda. Nimekula nusu.