Koboi asiye na bastola: siku moja maishani mwangu

Saa kumi alfajiri simu inalia. Kwetu Shinyanga ni saa sita mchana, na ujumbe wa sauti wa mama umeshaingia: "Baba, ile picha yenye kofia nimewaonyesha hadi wanakwaya. Tuma nyingine." Kofia yenyewe ni pama nyeusi niliyoinunua kwa ajili ya picha tu. Leo naivaa kazini, nimtumie mama picha ya ukweli. Kosa la kwanza la siku.

Saa kumi na moja niko bandani natandika farasi. Nina farasi watatu wa zamu, leo ni zamu ya Kahawa, jike mwenye umri mkubwa na hasira za kimya kimya.

Nifafanue kazi, maana nyumbani wanadhani nalipwa kupiga risasi. Nipo kaskazini kabisa mwa Texas, ukanda unaoitwa Panhandle, si mbali na mji wa Hereford, ambao hata jina lake ni la aina ya ng'ombe. Hapa ng'ombe wanaletwa wakiwa na kilo mia tatu na kitu, wanakula mahindi yaliyopikwa kwa mvuke na kubanwa yakawa bapa, na baada ya miezi mitano au sita wanaondoka na kilo mia sita na ushee kwenda machinjioni. Mimi napita juu ya farasi, zizi kwa zizi, kila siku ya Mungu, namtazama kila ng'ombe, na mgonjwa namtoa. Fungu langu ni kama ng'ombe elfu sita. Kwa baba yangu tulikuwa na thelathini na mbili, kila mmoja na jina lake. Hapa wana namba kwenye hereni ya njano.

Saa kumi na mbili na nusu kunapambazuka, malori ya chakula yameshamwaga horini, harufu ni kama ya uji. Mazizi thelathini ya kwanza yanapita vizuri: wawili wanachechemea, mmoja amevimba tumbo, mmoja wenzake wamempanda mgongoni usiku kucha hadi manyoya ya kiunoni yamechubuka. Wote natoa bila matata.

Halafu zizi la arobaini, na maksai namba 2217.

Nilimwona kwa mbali. Wenzake wamepanga foleni horini, yeye amesimama nyuma, masikio yamelala, ubavu wa kushoto umebonyea, maana yake tumbo halina kitu. Alipopiga hatua, kwato za nyuma ziliburuza vumbi. Homa ya mapafu, hiyo haihitaji darasa. Nilipomsogelea tu, akanyanyua kichwa, akasimamisha masikio, akatembea kama kijana anayekwenda kuposa! Ng'ombe ni windo tangu asili yake. Akihisi anatazamwa, anaficha ugonjwa. Ndiyo maana mzee wa Chihuahua, kule Meksiko, aliyenifundisha kazi hii alinikataza kuingia zizini kwa kelele: umwone kabla hajakuona.

Kumtenga mmoja kati ya mia na hamsini ni kazi ya adabu. Hatumii kamba, hapigi kelele mtu. Farasi anatembea pole, unasogeza bega lake kushoto, ng'ombe anakwenda kulia, unasimama, unampa nafasi afikiri. Kukimbiza ni marufuku. Ng'ombe mnene akikimbizwa kwenye joto anapoteza kilo, na anaweza kufa hapo hapo. Hizo mbio za farasi mnazoziona kwenye sinema, huku ukizifanya asubuhi, mchana unatafuta kazi nyingine.

Dakika ishirini na tano nikawa nimemfikisha langoni. Nikainama kufungua mnyororo. Upepo wa Panhandle, ambao haujawahi kuniheshimu, ukaja kwa nyuma ukaichukua ile pama.

Haikuruka, afadhali ingeruka. Ilitua kwa ukingo, ikabingirika kama gurudumu mpaka katikati ya kundi. Maksai mia na hamsini wakageuka kwa pamoja kama ndege, ardhi ikatikisika, vumbi likapanda, na 2217 akazama katikati ya wenzake. Kahawa akalaza masikio, akatoa pumzi ndefu. Nilitukana kwa Kisukuma, lugha ambayo hapa nina uhakika haina shahidi.

Niseme kidogo kuhusu filamu. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunalipa shilingi hamsini kuingia kibanda cha video, na picha za koboi zilikuwa zetu. Steringi hafi, na kofia haimtoki: atapigwa ngumi, atavunja meza, atatokea dirishani, akisimama pama ipo kichwani. The Good, the Bad and the Ugly ya 1966 niliirudia mpaka mkanda ukakwaruza. Baadaye nikajua imeongozwa na Mtaliano na kupigwa Hispania, wala sikumbuki kumwona humo ng'ombe hata mmoja akikohoa. Ninayoipenda sasa ni Red River ya 1948, ya John Wayne, kwa sababu ina ng'ombe kweli, maelfu, na ina kisa ambacho ni mtu wa mifugo tu anayekielewa: usiku mmoja jamaa anadokoa sukari, anaangusha masufuria, kundi zima linatimka na mtu anakufa. Pale langoni nilimkumbuka yule mwizi wa sukari. Bosi akapita na pikapu, akashusha kioo, akanitazama nikiwa kichwa wazi, akapandisha kioo. Hakusema neno. Bora angesema.

Raundi ya pili ilinila dakika arobaini. Kila nikimkaribisha langoni anageuka, kofia imelala pale pale, wote wanaiogopa kama chatu. Mwishowe nikafanya ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nikamtoa pamoja na wenzake wawili, akatulia, kisha wale wawili nikawarudisha. Tulipomwingiza kwenye kibano cha chuma, kipimajoto kikasoma nyuzi arobaini na moja. Watu wakiniuliza kuhusu silaha yangu, ni hiyo: kipimajoto kinachoingizwa nyuma ya ng'ombe. Akachomwa sindano chini ya ngozi ya shingo, tarehe ikaandikwa, asije akachinjwa kabla dawa haijamtoka mwilini.

Saa sita mchana. High Noon ya 1952 kila mara inakuonyesha saa ya ukutani, watu wanamngoja adui anayekuja na treni ya saa sita. Sisi tunangoja lori la ndama lililotakiwa kufika saa mbili. Limefika saa saba na robo, dereva hana maelezo, ndama wamesafiri siku nzima, midomo imekauka, na nusu yao wanakohoa. Kwa wiki mbili zijazo hawa ndio watakaoninyima usingizi.

Tukiwa tunashusha, dereva akaniuliza kwa mshangao kama na mimi ni koboi. Naulizwa hivyo kila mwezi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika zile safari za kuswaga ng'ombe baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, koboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Bill Pickett, mzaliwa wa Texas hii hii mwaka 1870, ndiye aliyeanzisha ule mchezo wa kumwangusha dume kwa mikono, na yeye alikuwa anamng'ata mdomo kwanza. Wameksiko ndio waliofundisha wengine kamba na tandiko. Na enzi yenyewe ilidumu kama miaka ishirini tu, kisha seng'enge ikafunga njia. Nilitaka kumwambia yote hayo. Nikamwambia, "Ndiyo, ni koboi," nikaendelea kuhesabu ndama.

Baada ya hapo sina saa za kuwapa. Mazizi mengine, vumbi, maji ya chupa yenye ladha ya plastiki, goti la kulia linalouma tangu mwaka jana, mmoja amekutwa amekufa zizi la sitini, nimeandika namba yake. Jua likishuka ng'ombe wanachangamka, wanacheza, na vumbi linaning'inia juu ya mazizi kama moshi wa mkaa.

Nilirudi zizi la arobaini nikiwa nimeshamvua Kahawa tandiko. Woga ulikuwa umewaisha. Maksai mmoja mwekundu alikuwa ameishikilia pama kwa kwato ya mbele, anailamba chumvi ya jasho langu taratibu, macho nusu yamefumba. Nikatoa simu, nikapiga picha. Mama ameipokea asubuhi ya kwao. Amejibu kwa swali moja tu: huyo mwekundu anaitwa nani?