Dakika Tatu za Mkanda wa Presha

Muuguzi wa zamu ya usiku alinifunga mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo, na kabla hajausikiliza mshipa, mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kutapika. Akamkimbilia. Mkanda ukabaki umenibana.

Mwanzoni nilihisi ganzi tu. Kisha, nikiutazama mkono wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine, kidole gumba kikajilaza kiganjani, vidole vingine vikanyooka vikashikana, kifundo kikapinda. Ulikuwa mkono wa mtu anayetaka kuuingiza kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba. Nikajaribu kuukunjua, ukakataa. Nikausaidia kwa mkono wa pili, ukakataa vilevile.

Muuguzi aliporudi aliufungua mkanda haraka. Hakuniuliza kama naumia, aliniuliza jambo jingine kabisa: "Midomoni unasikia kama sisimizi wanatambaa?"

Nilikuwa nawasikia tangu alasiri. Ulikuwa usiku wa pili tangu nitolewe tezi ya thairoidi shingoni, nami nilinyamaza nikidhani ni mabaki ya dawa ya usingizi.

Damu ilichukuliwa upesi. Kalsiamu ilikuwa 1.7, wakati mtu mzima huwa kati ya 2.2 na 2.6 milimoli kwa lita. Kalsiamu ndiyo inayozituliza neva. Ikipungua, neva hushtuka kwa jambo dogo tu, hata kwa mkanda. Daktari akaja kunisukumia kalsiamu mshipani, polepole mno, dakika 10 kwa sindano moja, jicho lake likiwa kwenye skrini ya moyo. "Nikiharakisha, moyo utagoma," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Angeweza kunificha hilo. Joto likanipanda kifuani hadi masikioni.

Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akanieleza. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne za parathairoidi, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Zangu hazikukatwa, ila zilisumbuliwa na upasuaji, zikazimia. (Aliyezieleza kwa binadamu ni mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Uswidi, Ivar Sandström, mwaka 1880, na wengi hawakumjali. Mimi ningemjali.)

Nilichobishana naye ni figo. Nilipimwa kabla ya upasuaji, zikaonekana nzima. Iweje mwili upoteze madini?

"Figo zako nzima," akasema, "ila hakuna anayeziamrisha."

Kwenye vijifereji vya figo kuna protini zilizo mfano wa milango, ambazo huikamata kalsiamu isitoke na mkojo. Ndani ya seli kuna protini nyingine, kalbindini, inayoipokea pale mlangoni na kuivusha hadi upande wa damu. Homoni ya parathairoidi, inayotoka kwenye zile tezi nne, ndiyo inayoichapuza kazi hiyo. Kwa fosfati, madini mengine ya damuni, hufanya kinyume: huiondoa milango yake, fosfati ikaenda zake na mkojo. Homoni ikikosekana, kalsiamu huvuja na fosfati husalia. Tulifungua karatasi ya vipimo, na kweli fosfati yangu ilikuwa juu.

Basi nikamwonyesha chupa ya vitamini D niliyokuja nayo mkobani, nikijiona mjanja. Akatabasamu. Vitamini hiyo hupita kwanza kwenye ini, kisha figo ndizo huimalizia ikawa homoni ya kuvuta kalsiamu kutoka utumboni, na figo haziimalizii vizuri bila amri ileile. Ndiyo maana aliniandikia kalsitrioli, iliyokwisha kumaliziwa. Chupa nikairudisha mkobani kimyakimya.

Vidonge nilivimeza wiki saba. Nilitaka kalsiamu ipande hadi katikati ya kiwango cha kawaida, akanikatalia: figo zisizo na amri zingeimwaga kalsiamu ya ziada kwenye mkojo, mwisho nipate mawe. Akaniacha kwenye 2.1, mahali ambapo sisimizi bado walikuja kunisalimia mara mojamoja.

Wiki ya nane homoni yangu ikaonekana tena kwenye damu. Nikamwomba daktari anifunge ule mkanda, aujaze, asiufungue. Alidhani natania. Tukakaa dakika tatu nzima, wote wawili tukivikodolea macho vidole. Vilikuwa vimebadilika rangi, lakini vimelala wazi juu ya meza.

"Sasa fungua," nikamwambia, "unaniumiza."