Kwa nini suria wangu hatoroki

Wenzangu wa hapa Pasua, Moshi, waliosoma sura za mwanzo za riwaya yangu wananiuliza swali lile lile: mbona huyu msichana hatoroki? Alitekwa huku huku mlimani enzi za Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi, misafara ya pwani ilipokuja kutafuta pembe na watu. Akateremshwa hadi Pangani, akavushwa Unguja, akafanywa suria, yaani mtumwa anayelala na bwana wake kama mke. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na mwaka 1897 mtumwa akaruhusiwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Si aende?

Riwaya yote iko hapo. Sheria ile iliwaacha masuria nje, isipokuwa aliyethibitisha kuwa anateswa; walihesabiwa kama wake. Walipofunguliwa mlango mwaka 1909, suria aliyeondoka bila ridhaa ya bwana alipoteza haki ya kukaa na watoto aliomzalia. Nilipolisoma hilo niliweka kalamu chini nikalia. Mtoto ni muungwana, mtu huru, tangu kuzaliwa, mama yake siye, na bei ya uhuru wa mama ni huyo mtoto!

Kwa hiyo siandiki mbio za usiku wala mapanga. Namwandika mama anayeshona kofia za kuuza, anayeficha rupia zake, anayepeleleza taratibu ni nyumba gani mjini itampokea akiwa na mwanawe. (Huku bara, Tanganyika, utumwa ulifutwa 1922. Si zamani hivyo.) Kubaki kwake nako ni kupigana, na sura ya saba nataka ioneshe hivyo: bwana kaenda Pemba kwenye karafuu, yeye anaanza kuwauliza wanawake wenzake kisimani.