Kima, Papa na kazi za nyumbani za Kiingereza

Mzazi akiniletea karatasi ya mwanawe na kuniuliza, "Mbona kakosa, na Kiingereza anatuzidi sote nyumbani?", huwa najua nitakachokikuta kabla sijaifunua. Jibu lipo, tena sahihi, ila limekaa peke yake. Hakuna ushahidi wala maelezo.

Niko Louisville, Kentucky. Jioni nasaidia watoto kazi za nyumbani, wengi wao wa familia za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo kwanza tunachekana lafudhi, ndipo tunafungua madaftari.

Kentucky ndiyo iliyotangulia kuvikubali vile viwango vya pamoja vya masomo vya Marekani (Common Core), mwaka 2010, ingawa baadaye imevifanyia marekebisho. Kiwango cha kwanza kabisa cha kusoma ndicho kinachowaangusha watoto wetu: sema matini inasema nini, ng'amua kisichosemwa, na uonyeshe sentensi iliyokufikisha hapo. Mtihani wa kusoma ni kila mwaka, darasa la tatu mpaka la nane. Mtoto mgeni nchini, sheria inaruhusu jimbo limsamehe mtihani huo mara moja ndani ya mwaka wake wa kwanza. Baada ya hapo, karatasi ni ileile ya waliozaliwa hapa.

Mimi sianzi na vitabu vyao, maana kifungu cha kwanza utakuta ni cha mpira wa besiboli, na mtoto anahangaika na sheria za mchezo badala ya swali. Naanza na hadithi yetu ya Kima na Papa. Mnaikumbuka: kima anamtupia papa matunda kutoka mtini, wanakuwa marafiki, papa anamwalika kwao, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu, masikini, sisi mioyo yetu tunaiacha mtini tukisafiri, nirudishe nikauchukue.

Nikauliza: kima ni wa namna gani? Kijana mmoja wa darasa la sita akajibu hapohapo, "Mjanja." Umejuaje? "Si inajulikana tu, mama." Hapo ndipo alama zinapopotelea. Nikamwambia hilo ni dai, sasa nipe maneno ya hadithi yenyewe. Akasema, "Alisema moyo ameuacha mtini." Vizuri, huo ushahidi. Halafu? Akanitazama kama nimemwongezea deni. Halafu inakuja kazi ngumu kuliko zote, kueleza ushahidi unalibebaje dai. Akafikiri, akasema: "Hakuna anayeishi bila moyo. Alitunga uongo ambao papa atautaka, kwa sababu papa anataka moyo." Sentensi hizo mbili ndizo mwalimu anazozitafuta, na ndizo watoto wanazoziona hazina haja ya kuandikwa kwa kuwa "kila mtu anaelewa."

Dhamira nayo ina mtego wake, hasa kwa wazazi tuliosomea fasihi Tanzania. Sisi tulizoea kuorodhesha: dhamira ya usaliti, dhamira ya urafiki, dhamira ya tamaa, hoja tano, umemaliza. Hapa neno moja kama "urafiki" linahesabiwa kuwa mada tu. Dhamira wanaitaka iwe sentensi kamili: hadithi inasema nini kuhusu urafiki? Wala wasiandike fundisho la kuamrisha, "usiwaamini marafiki." Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba urafiki ulioanza kwa kupewa unaweza kuvunjika siku anayepewa anapohitaji kikubwa zaidi. Naona hiyo inazishinda orodha zetu zote.

Msuko, mandhari, wahusika, tashbihi, haya hayanisumbui. Watoto waliolelewa na bibi wanaosimulia wanayajua bila majina, na majina yanajifunzwa kwa wiki.

Kwenye kuandika, viwango vile vinawaachia wadogo watoe maoni na sababu. Darasa la sita ndipo wanaanza kudaiwa dai na ushahidi, na la saba wanatakiwa kuutambua pia upande unaowapinga. Wazazi, hili lifanyeni mezani kwa Kiswahili au Kibembe, mradi swali la "umejuaje?" lisikose. Akishaweza kulijibu kwa lugha ya nyumbani, kinachobaki ni kulivalisha Kiingereza.

Upande wa kupinga nilidhani utatuchukua muda, lakini binti mmoja mkimya alinyoosha mkono kumtetea papa. Kima anamwita msaliti, alisema, lakini msimulizi yuko upande wa kima tangu mwanzo. Papa ana mfalme anayekufa, na katikati ya safari alimwambia rafiki yake ukweli ilhali angeweza kunyamaza mpaka wafike. Ushahidi ukiwa ni ukweli wake mwenyewe uliomponza. Yule kijana wa "mjanja" akabisha, wakabishana mpaka dereva wa basi akapiga honi.